Jiko la mwaka 1988 na shilingi milioni tatu na nusu: chungulia chini ya slabu kabla ya kushika nyundo

Swali: Jiko letu la ndani lilijengwa mwaka 1988, tupo Tanga mjini. Lina urefu wa mita 3.2 na upana wa mita 2.6. Slabu ya zege imekaa kama herufi L. Mkono mfupi umepasuka na unadondosha vipande. Sinki ni la zege, linavuja na linanuka. Milango ya makabati imeliwa na mchwa, ukuta na dari ni vyeusi kwa masizi, soketi ni moja. Tunapikia gesi, ila maharage na makande tunapika kwa mkaa. Tupo watu saba. Mume wangu anataka tubomoe vyote tuanze upya. Seremala alipopiga hesabu ya makabati peke yake, ikamaliza fedha zote tulizonazo, yaani milioni tatu na nusu. Tuanzie wapi?

Jibu:

Dada yangu, seremala hakukudanganya. Makabati ndiyo yanayomeza fedha za jiko, na bahati nzuri ndiyo yanayoweza kusubiri. Yanayowatesa hapo ni mambo manne: maji yanayovuja, moshi usio na pa kutokea, umeme wa soketi moja na kipande kimoja cha slabu kilichooza. Hayo yakikaa sawa, mtapika vizuri hata kama kabati la juu litakuja mwakani. Yakiachwa, kabati jipya litavimba au kuliwa kama la zamani, kwa sababu kilichowaita mchwa bado kipo.

Shemeji mwambie hivi: kuta, sakafu ya zege, mkono mrefu wa slabu na njia ya maji machafu mlishavilipia mwaka 1988. Ukibomoa unalipa mara tatu: kubomoa, kubeba kifusi, kisha kujenga kile kile. La msingi kuliko yote, sinki libaki ukuta ule ule. Bomba la maji machafu linahitaji kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Ukilihamisha sinki mita tatu, mwisho wa bomba unashuka sentimita 7.5 zaidi, maana yake kupasua sakafu na pengine kukuta chemba ya nje iko juu kuliko bomba lako. Hapo ndipo bajeti za majiko hufia.

Milioni tatu na nusu ningeigawa namna hii. Laki nne za kubomoa kipande kibovu, kumwaga slabu mpya na kazi ya uashi. Laki sita na nusu za sinki, mabomba na fundi bomba. Laki tano na nusu za umeme. Laki nane za tailizi, gundi yake na ufundi. Laki mbili na nusu za kuosha ukuta, lipu ya viraka na rangi. Laki tano za milango na rafu. Zinabaki laki tatu na nusu, hizo zisiguswe mpaka ukuta ufunguliwe, maana jiko la umri huo lazima litatoa jambo. Bei za dukani zinapanda na kushuka, kwa hiyo shika uwiano, usishike tarakimu.

Slabu kwanza

Chukua tochi, vaa nguo chakavu, ulale chali chini ya slabu. Ufa una lugha yake, na kuna wa aina tatu.

Wa kwanza umenyooka, unafuata urefu wa slabu, una madoa ya kahawia, na zege linabanduka kama magamba mpaka nondo inaonekana. Huo ni ugonjwa wa pwani. Mchanga wa ufukweni ukitumika bila kuoshwa, au nondo zikilazwa karibu mno na uso wa zege, chumvi na unyevu huifikia chuma. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyoliwa, kwa hiyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linaachia. Ukipaka lipu juu yake umeficha tu, kutu inaendelea kula. Slabu ya namna hiyo huondolewa.

Wa pili unakatiza slabu upande wa juu, palepale ilipokaa juu ya ukuta wa katikati. Slabu iliyolala juu ya kuta tatu huvutika upande wa chini kati ya ukuta na ukuta, lakini juu ya ule ukuta wa kati huvutika upande wa juu. Mafundi wengi hulaza nondo zote chini, basi pale juu hakuna cha kuishika, inaachana kidogo na kutulia. Ufa huo hauangushi kitu. Usiubomoe. Ila panga tailizi ili kiungo kiangukie juu yake, ujaze kwa silikoni badala ya grauti (saruji laini ya kujazia viungo vya tailizi), la sivyo tailizi itapasuka kwenye mstari ule ule ndani ya mwaka.

Wa tatu ni vinyufa vidogo kama utando wa buibui. Hiyo ni niru tu (ule uso laini wa saruji) iliyokauka haraka, slabu yenyewe haina neno.

Ukimaliza kuangalia, gonga kwa nyundo ndogo kila sentimita ishirini. Zege zima linalia kavu na kali. Lililoachana ndani linatoa sauti ya kitu chenye uwazi. Kwa maelezo yako mkono mfupi ni wa aina ya kwanza. Mkono mrefu ukilia kavu kote, unabaki. Ukikuta nao umeoza, umwagwe upya, na fedha yake itoke kwenye zile za milango.

Kipande kibovu kikatwe kwanza kwa grainda pale kinapoungana na kizima, huku mkono mrefu ukiwa umewekewa mirunda miwili (miti ya kuegemeza) chini. Nyundo ifuate baadaye. Fundi akianza na nyundo, mtikisiko unasafiri kwenye nondo na kuupasua ule uliotaka kuuokoa.

Sasa, msiurudishe mkono mfupi kimo kile kile. Slabu nyingi zinajengwa sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni, kimo kizuri cha kukatia mboga na kuoshea vyombo. Kwa kusonga ugali ni kibaya. Hesabu mwenyewe: slabu sentimita 88, jiko la gesi sentimita 12, sufuria ya ugali wa watu saba sentimita 25. Mdomo wa sufuria umefika 125, juu kabisa ya kiwiko cha mama wa kimo cha kawaida. Anasonga mikono ikiwa hewani, mabega yanauma, na sufuria inayumba kwa sababu anaisukuma badala ya kuikandamiza. Ndiyo maana watu wana slabu nzuri halafu jiko linashushwa sakafuni. Jengeni sehemu ya jiko sentimita 65. Mdomo wa sufuria utakuwa kwenye 102, na mwiko utashuka kwa uzito wa mwili.

Slabu hiyo ya jiko iwe na urefu wa mita 1.4 tu badala ya kuziba ukuta wote. Upande wa mwisho itabaki nafasi ya sentimita 60 kwa ajili ya mtungi. Upana sentimita 60, unene sentimita 7.5. Ikae juu ya kuta mbili za tofali la inchi sita, na mgongo wake uingie kwenye ukuta wa nyumba sentimita 5 hadi 10. Zege lake ni dogo: nusu mfuko wa saruji, ndoo moja na robo tatu za mchanga wa mto, ndoo tatu na nusu za kokoto ndogo, kwa ndoo ya lita 20. Maji yasizidi lita 13. Fundi akitaka kuongeza maji ili limwagike kirahisi, mkatalie, alisukume kwa kijiti. Zege la uji likikauka linaacha vitundu, na vitundu ndiyo mlango wa chumvi.

Nondo moja ya milimita 10, yenye urefu wa mita 12, inatosha slabu nzima: vipande vinne vya mita 1.35 kwa urefu, na vipande vinane vya sentimita 55 vya kukatiza. Vyote vifungwe kwa waya na vinyanyuliwe sentimita 2 juu ya mbao kwa vipande vidogo vya zege. Usikubali vipande vya mbao wala kokoto zinazoteleza. Ifunikwe gunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Mbao za chini zisitolewe kabla ya siku 14. Siku hizo hazipotei, kazi nyingine zinaendelea.

Sinki, harufu na mchwa ni kesi moja

Sinki la zege linanyonya. Maji yanapita polepole hadi kwenye tofali, ukuta wa chini haukauki, na mchwa wanapenda mahali penye unyevu palipo na mbao jirani. Fuatilia vijia vyao vya udongo kwa tochi hadi vinapotokea, aghalabu ni pale sakafu inapokutana na ukuta. Kabla ya tailizi yoyote, fundi atoboe matundu kila sentimita 30 kando ya ukuta huo, dawa ya mchwa imiminwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha matundu yazibwe kwa saruji. Oili chafu wanayopaka watu ni ya nguzo za uzio. Jikoni itanuka miaka, na hapo ndipo chakula kinapokaa.

Harufu karibu kila mara inatokana na kukosekana kwa ule mkunjo wa chini ya sinki unaobaki na maji muda wote. Maji hayo ndiyo kizibo kati ya pua yako na karo la nje, na ndiyo yanayozuia mende kupanda. Mafundi wengi wanaunga mpira laini moja kwa moja kwenye bomba la ukutani, wanaukunja kidogo kwa waya, wanasema tayari. Mpira unanyooka, maji yanatoka, harufu inarudi. Nunua mkunjo mgumu wa plastiki wa inchi moja na nusu, unaofunguka kwa mkono ili uoshwe, wenye uwezo wa kubaki na maji ya kina cha sentimita 7 hivi. Nje, kabla maji hayajaingia kwenye chemba, wajenge kisanduku cha kunasa mafuta: sentimita 40 kwa 40, kina 50, bomba la kutokea likiwa limekunjwa kuelekea chini. Mafuta yanaelea juu, maji yanatokea chini. Kichotwe kila mwezi. Familia ya watu saba inayokaanga samaki bila kisanduku hicho itaziba bomba lake, ni suala la muda tu.

Kuhusu sinki jipya, chukua la chuma cha pua lenye bakuli moja kubwa na sahani ya kuchujia vyombo. Achana na bakuli mbili ndogo, sufuria la pilau haliingii hata moja. Kina kiwe sentimita 20. Pima tundu lililopo kwenye slabu kabla hujaenda dukani, siyo baada. Likandamize katikati kwa kidole gumba. Likibonyea na kurudi kwa mlio wa kopo, ni jembamba, litakuja kulia kila ukimwaga maji. Wauzaji watakuonyesha sumaku isiyoshika kama ushahidi wa ubora. Haitoshi, maana kuna chuma za bei rahisi nazo hazishiki sumaku lakini hewa ya chumvi inazitia madoa.

Koki je? Kama maji yenu yanatoka kwenye simtanki iliyo juu ya mnara wa mita tatu, presha yake ni ndogo sana, kama sehemu tatu ya kumi ya ile ya bomba la mtaa lenye nguvu ya kupandisha maji kimo cha mita kumi. Koki za kisasa zenye shingo ndefu na mkono mmoja wa kuchanganyia moto na baridi zina njia nyembamba ndani, kwa presha hiyo zinadondosha. Koki ya kawaida ya nusu inchi, ya kugeuza robo mzunguko, itawapa maji mengi kwa fedha kidogo. Na chini ya sinki iwekwe valvu ya kufungia, msije mkafunga maji ya nyumba nzima kwa sababu ya washa moja, kile kipira kidogo cha ndani ya koki.

Umeme

Birika la wati 2,000 peke yake linavuta karibu ampia 9. Ongeza jiko la presha la wati 1,000 na blenda ya 500, jumla ni wati 3,500, zaidi ya ampia 15 kwa umeme wa volti 230. Soketi imetengenezwa kwa 13. Ukiona plagi ina joto au tundu la soketi limegeuka rangi ya udongo, imeshaanza kuungua.

Jiko lipewe njia yake kutoka kwenye kisanduku kikuu: waya wa milimita 2.5 wenye waya wa ardhi, na kikata umeme cha ampia 20. Kuna mafundi wanaounga soketi kwenye waya wa taa wa milimita 1.5 kwa sababu uko karibu. Huo waya utapata joto ndani ya ukuta ambako huoni. Friji ipewe soketi yake ya peke yake. Juu ya slabu ndefu ziwekwe soketi pacha mbili, sentimita 15 juu ya slabu na si chini ya sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki. Juu ya jiko pasiwe na soketi. Fedha ikiruhusu, ongeza kifaa kinachokata umeme kikihisi unavuja kwa miliampia 30. Mikono yenye maji na soketi ni majirani wabaya.

Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na muulize aioneshe. Taa nayo: ya katikati ya dari inakuwa nyuma yako ukisimama kwenye slabu, unakatia vitunguu ndani ya kivuli chako mwenyewe. Taa ya pili ya LED ya wati 9 juu ya slabu inamaliza hilo.

Moshi, gesi na ukuta mweusi

Mkaa utoke nje. Nalisema bila kupindisha kwa sababu mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi wala harufu, lakini unatoa gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, na jiko la mita 3.2 kwa 2.6 lenye dirisha lililofungwa kwa mvua ni dogo mno. Mabati mawili kwenye baraza la nyuma kwa ajili ya jiko la mkaa ni rahisi kuliko dohani. Na maharage yakilowekwa usiku kucha, kwenye jiko la presha hayamalizi saa nzima.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni kama maji. Kwa hiyo tundu la hewa la sehemu ya mtungi liwe chini kabisa ya ukuta wa nje, sentimita 15 kwa 15, na wavu wa kuzuia panya. Matundu ya juu karibu na dari ni ya joto na mvuke. Mnahitaji yote mawili. Mtungi usimame wima kwenye ile nafasi ya sentimita 60, bila mlango. Mpira usizidi mita moja na nusu na usipite nyuma ya jiko. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga.

Ukuta wa masizi usipakwe rangi kabla haujaoshwa. Rangi ya maji juu ya masizi na mafuta itaonekana nyeupe kwa wiki mbili, kisha madoa ya rangi ya chai yatatokeza yale yale. Kwangua, osha kwa maji ya moto yenye sabuni ya unga na brashi ngumu, ukianzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, maji meusi yanatiririka kwenye ukuta mkavu na kuacha michirizi isiyotoka. Suuza, acha ukauke siku mbili, kisha paka mkono mmoja wa rangi ya msingi ya mafuta ili kufunga madoa, na mikono miwili ya rangi inayooshika. Ukitoa mlango, dirisha na tailizi mnabaki na kama mita 24 za mraba za ukuta. Lita 5 zinatosha mikono miwili. Dari iwe nyeupe, inaongeza mwanga bure.

Tailizi

Hapa ndipo macho ya wageni yanapotua, na ndipo ufundi wa kulipua unapojificha vizuri zaidi.

Juu ya slabu tumieni tailizi ngumu za sakafuni za 60 kwa 60, siyo zile za ukutani. Upana wa slabu ni sentimita 60, kwa hiyo hamtakuwa na kiungo hata kimoja kinachokimbia kwa urefu, na viungo ndivyo vinavyokunywa manjano na mchuzi. Slabu ya mita 3.2 inachukua tano nzima na kipande cha sentimita 20. Ya mita 1.4 inachukua mbili nzima na kipande kama hicho. Vipande vyote viwili vinatoka kwenye tailizi moja. Nane. Mbili zikatwe vipande vya sentimita 10 kwa ajili ya pua ya slabu, yaani ukingo wake wa mbele. Kumi, na mbili za akiba. Mkono mrefu ukiwa na ule ufa wa pili, anzeni kupanga kutoka kwenye ufa, hata kama tailizi moja itapotea.

Ukutani, kutoka slabuni kwenda juu sentimita 60, na nyuma ya jiko kutoka 65 hadi kimo kile kile cha juu, ni kama mita 3.4 za mraba: tailizi 38 za 25 kwa 40, akiba ikiwemo. Sakafuni, ukiacha chini ya slabu isipokuwa pale chini ya sinki, ni mita 6 na kidogo: tailizi 42 za 40 kwa 40. Za sakafu ziwe zisizong'aa. Sakafu ya kung'aa ikimwagikiwa mafuta ni hospitali. Gundi, mifuko mitatu ya kilo 20.

Ukuta wenye rangi ya mafuta udonolewe kwanza kwa tindo, kila baada ya sentimita tano, mpaka uwe na vidonda. Tailizi haishiki kwenye rangi, inashika rangi, na rangi ndiyo inayoachia. Simama uangalie fundi anavyopaka gundi. Akiweka madonge matano, manne pembeni na moja katikati, msimamishe. Chini ya tailizi kunabaki mapango. Siku sufuria la maji likitua kwenye pembe yenye pango, pembe inakatika. Gundi ipakwe uso wote na kuchanwa kwa mwiko wenye meno, kisha tailizi isukumwe kidogo mbele na nyuma. Mwambie aibandue moja baada ya dakika moja: mgongo wake uwe umelowa gundi karibu wote. Kesho yake zigonge zote kwa kipini cha bisibisi. Itakayolia tupu itoke kabla grauti haijaingia, siyo baada ya kulipwa.

Tailizi za gundi hazilowekwi. Wanaoloweka ni wale wanaotumia udongo wa saruji, na tailizi zenyewe ni zile laini za ukutani. Grauti chagueni ya kijivu iliyokolea, nyeupe itakuwa ya njano kabla ya Ramadhani ya pili. Pale slabu inapokutana na ukuta wekeni silikoni, kwa sababu slabu na ukuta havichezi pamoja na grauti itafunguka mstari. Na kinu kisitwangiwe juu ya tailizi, ya slabu wala ya sakafu, hata ukikilaza gunia. Kinu ni cha uani.

Milango na rafu kwa laki tano

Kuta za tofali zinazobeba slabu tayari ni makabati, zinakosa milango na rafu tu. Mjengeeni kila chumba kisakafu cha zege chenye kimo cha sentimita 10, ili maji ya kudekia yasifike ndani wala yasiguse mbao. Fremu za mbao ngumu kama mninga au mkongo, zikiwa zimefungwa kwa skrubu na plagi za milimita 8. Paina ya bei rahisi isiyo na dawa hapo kwenu Tanga ni kuwakaribisha mchwa tena. Milango iwe ya plaiwudi ya majini ya milimita 18. Bodi moja ya futi 8 kwa 4 inatoa milango yote ya chini na inabaki ya rafu. Seremala atakushawishi uchukue MDF (bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) kwa kuwa inapokea rangi vizuri. Inapokea, lakini ukingo uliokatwa ukinyonya maji unavimba kama mkate na haurudi. Ukilazimika kuitumia, kila ukingo na kila tundu la bawaba lipakwe rangi ya mafuta mara mbili kabla ya kufungwa.

Juu ya slabu ndefu wekeni rafu mbili za wazi kwa sasa, upana sentimita 25, ya chini ikiwa sentimita 55 juu ya slabu. Vikombe na sahani za kila siku havihitaji mlango. Juu ya jiko pasiwekwe kitu.

Mfuatano na malipo

Siku mbili za kwanza: kubomoa na dawa ya mchwa. Kisha fundi bomba na fundi umeme wachimbe mifereji yao ukutani kwa pamoja, kabla ya lipu yoyote. Slabu imwagwe mara tu mabomba yakikaa. Wakati inakomaa, osheni ukuta, pigeni lipu na rangi ya msingi, isipokuwa pale zitakapokaa tailizi. Tailizi za slabu zinatangulia, za ukutani zinakalia juu yake, za sakafu zinakuja mwisho ili zisiangukiwe na tindo. Rangi ya mwisho, milango, sinki na koki, kisha vifuniko vya soketi. Wiki tatu na siku kadhaa, mkipikia barazani.

Vifaa nunua mwenyewe na risiti kaa nazo. Fundi alipwe ufundi tu, kwa hatua. Fundi bomba usimmalizie mpaka ufanye hivi: ziba sinki, lijaze hadi juu, pangusa kila ungio la chini kwa kitambaa kikavu, kisha zibua maji yote yaende kwa mkupuo mmoja huku umeshikilia tishu kavu kwenye kila ungio. Maji ya koki yanayopita kidogo kidogo hayaoneshi kitu; ni ule mkupuo wa lita thelathini unaosukuma maungio. Tishu ikilowa, hata kwa tone, anafungua na kufunga upya, na unarudia tena mbele yake.